Kwa nini tunawapeleka watoto Dar kushindana

Hotuba ya mlezi wa klabu ya kuogelea ya watoto, jioni ya kuwaaga waogeleaji wanaokwenda kwenye mashindano ya ubingwa wa kanda, Mwanza

Ndugu mgeni rasmi, wazee wetu, walimu, wazazi wenzangu, na ninyi wanangu mnaosafiri kesho alfajiri: mwadila! Wazee, shikamooni. Itifaki imezingatiwa. Naomba mniruhusu niingie moja kwa moja kwenye jambo lenyewe, kwa sababu watoto hawa wanatakiwa kulala mapema.

Kwenye kikao chetu cha mwisho cha wazazi, mama mmoja aliuliza swali. Alisema: "Nauli ya kwenda Dar na kurudi, malazi, chakula, ada ya mashindano, vyote hivi kwa watoto wachache. Hela hiyo ingefundisha watoto wangapi wa mwaloni, kule wavuvi wanakoshushia samaki, kuogelea?" Kikao kilinyamaza, halafu tukaruka kwenye ajenda nyingine. Mama huyo yupo hapa, amekaa pale karibu na dirisha. Swali lake halikutendewa haki siku ile, na kwa maoni yangu ndilo swali zito kuliko yote yaliyowahi kuulizwa katika klabu hii. Jioni hii nimekuja kulijibu.

Sisi ni watu wa ziwa. Ziwa letu, Victoria, lina eneo la karibu kilomita za mraba 68,800, na penye kina kirefu linafika mita 80 hivi. Lakini wapo wengi wanaozama bila kuwa mbali na nchi kavu. Wanazama penye mita 2, nyuma ya mwamba ambapo mama alikuwa anafua, au mtumbwi ukipinduka ukiwa umebakiza kidogo kugusa mchanga. Meli ya MV Bukoba ilizama Mei 21, 1996, ikiwa imeshalikata ziwa kutoka Bukoba na imebakiza kipande kidogo tu kufika hapa Mwanza. Mamia ya watu walikufa, na humu ndani wapo waliofiwa. Kivuko cha MV Nyerere kilipinduka Septemba 20, 2018, kikiwa kinakaribia kabisa kufika kisiwa cha Ukara, na watu 228 wakapoteza maisha.

Sisemi kwamba wote wale wangepona kama wangejua kuogelea. Mtu aliyenaswa ndani ya chombo kilichopinduka hana pa kwenda, hata awe bingwa. Na suala la vyombo kujaza abiria kupita kiasi lina wenyewe wanaopaswa kulijibu. Ninachosema ni kwamba kila msiba wa namna ile unatukuta tukiwa watu wengi tunaoishi juu ya maji, tunaokula kutoka majini, tunaosafiri majini, na wengi wetu hatuwezi hata kuelea dakika mbili tukisubiri msaada. Na msaada wenyewe ni nani? Ndege ilipoangukia ziwani pale Bukoba, Novemba 6, 2022, ikiwa na watu 43, waliowahi kufika ni wavuvi na mitumbwi yao. Watu 19 walikufa, 24 wakapona. Yaani mwokoaji wa kwanza wa ziwa hili ni mtu wa kawaida wa mwaloni. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na zaidi ya 9 kati ya kila 10 ni wa nchi za kipato cha chini na cha kati. Hao ni sisi na wenzetu.

Kwa hiyo, mama, mimi na wewe hatugombani kuhusu watoto wa mwaloni. Wafundishwe, tena wengi, tena haraka. Ninachouliza mimi ni hiki: atawafundisha nani?

Kumfundisha mtoto kuelea chali, kugeuka, kuvuta pumzi na kujisogeza mita 25 kunahitaji mwalimu anayeweza kukaa majini saa nzima bila kuchoka. Mwalimu huyo lazima aone kwa kutupa jicho mara moja tu kwamba mtoto wa tatu kutoka kushoto ameanza kumeza maji. Lazima aweze kumvuta mtu mwenye hofu bila kuvutwa yeye chini, maana anayezama humkumbatia yeyote aliye karibu na kuzama naye. Mwalimu wa namna hiyo hapatikani kwa semina ya siku mbili. Anatengenezwa kwa miaka majini. Na mtoto wa miaka 10 hawezi kukaa miaka majini kwa sababu tu mtu mzima amemwambia ni vizuri. Nimewaona wengi kwenye klabu hii: akishaweza kukata bwawa kutoka upande huu hadi ule, anaona amemaliza. Anaacha. Wanaobaki ni wale wenye muda wao ulioandikwa kwenye daftari la kocha na wanataka kuupunguza.

Mashindano ndiyo yanayombakiza mtoto majini mpaka awe mwalimu. Hilo ndilo jibu langu, na nitalisimamia mbele ya kamati yoyote.

Niwape mfano mmoja ambao wengi wenu mnaufahamu, ingawa binti mwenyewe sitamtaja jina maana ananitazama kwa aibu. Baba yake anavua dagaa. Huyu binti aliingia majini kabla hajaanza darasa la kwanza, kama watoto wote wa kule. Alipokuja kwetu alikuwa anaogelea kichwa kikiwa juu kabisa, shingo imekakamaa, macho mbele. Kila anayekulia mwaloni anaogelea hivyo, na kuna sababu: ziwani lazima uone wimbi linakuja kutoka wapi, mtumbwi uko wapi, na mara nyingine kiboko yuko wapi. Lakini kichwa kikipanda, kiuno na miguu vinashuka, na mwili mzima unalima maji badala ya kuyapita. Baada ya mita 30 pumzi imekwisha. Kocha alimwambia atie uso majini. Alikataa. Hakuwa mkaidi, alikuwa anaogopa kutoona. Wiki baada ya wiki kocha alikuwa anasimama naye kwenye kina kifupi, kiganja chini ya paji lake la uso, anamwambia atoe pumzi taratibu kwa pua huku anatazama vigae vya chini, halafu ageuze shavu pembeni, sikio likibaki majini, avute pumzi, arudi. Siku moja alikata bwawa zima hivyo, akagusa ukuta, akageuka nyuma kutazama alikotoka, kana kwamba kuna mtu mwingine aliyeogelea.

Jumamosi iliyopita nilimkuta kwenye kina kifupi na mdogo wake. Ameweka kiganja chini ya kisogo cha yule mtoto, anamwambia: "Tazama paa. Tumbo juu. Usinishike, mimi nimekushika." Hakuna aliyemtuma. Kesho anakwenda Dar kuogelea mita 50 mtindo wa kifua na mita 100 mtindo huru, na ameshamwambia kocha ni sekunde ngapi anataka kupunguza. Ukimwondolea safari ya Dar, mama, yule mdogo wake utampelekea nani?

Sasa wazazi ambao hamjawahi kuona mashindano ya kuogelea, niwaeleze yalivyo, ili mtoto akirudi mjue cha kumuuliza. Msimuulize "umeshika namba ngapi" kabla ya mengine. Muulizeni muda wake. Waogeleaji hupangwa kwenye hiti, yaani makundi ya wanaoogelea pamoja, kwa kufuata muda walioandikishiwa. Mwenye muda bora hukaa leni, yaani njia ya kuogelea, ya katikati, na kadiri muda unavyokuwa mkubwa ndivyo unavyosukumwa kando. Watoto wetu wengi watajikuta leni za pembeni, karibu na ukuta, ambako mawimbi ya wenzao huja kugonga na kurudi. Wanangu, msisononeke na leni ya pembeni. Kwenye Olimpiki ya Tokyo, Ahmed Hafnaoui wa Tunisia, kijana wa miaka 18, aliingia fainali ya mita 400 mtindo huru akiwa wa mwisho kati ya wanane. Akapewa leni ya 8. Akatoka na dhahabu. Maji ya leni ya 8 ni yaleyale ya leni ya 4.

Mtasikia filimbi fupi kadhaa: vua koti, weka miwani sawa. Filimbi ndefu moja: panda kwenye jukwaa la kurukia. Kisha amri ya kujiweka tayari, na hapo usitikisike hata kidole, maana ukiondoka kabla ya ishara umefutwa, hakuna nafasi ya pili. Kwenye mtindo wa kifua na kipepeo, mikono yote miwili iguse ukuta kwa pamoja, kila mnapogeuka na mnapomaliza. Kocha amelirudia hili mpaka sauti imekauka. Mkono mmoja ukitangulia, umefutwa, hata kama umewaacha wenzako mita 5. Kwenye kupokezana, miguu yako isiache jukwaa kabla mwenzako hajagusa. Na mwamuzi akiinua mkono dhidi yako, toka majini, sema ahsante, nenda kwa kocha. Kama kuna la kulalamikia, kocha atalalamika. Wewe kunywa maji ukae kivulini. Hapa kwetu tuko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari na tuna upepo wa ziwa. Dar iko usawa wa bahari na joto lake lina unyevu. Utatoka jasho hata ukiwa umekaa.

Nifike kwenye jambo linalonikera kidogo, na hapa nasema na wazazi.

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Mashindano ya siku moja yanahitaji watu wazima wengi kuliko mnavyodhani: mwamuzi mkuu, mwanzishaji, wakaguzi wa mitindo, wakaguzi wa kugeuka, karani, wapanga watoto, na watunza muda wa kila leni. Pasipo na vibao vya umeme vya kugusa, muda wa mtoto unatoka kwenye vidole vya binadamu. Kanuni ni hii: kila leni watunza muda 3 wenye stopwochi. Stopwochi mbili zikilingana, huo ndio muda. Zote tatu zikitofautiana, unachukuliwa wa katikati. Na kazi yenyewe ina ufundi. Kwenye mbio za mita 25 za wadogo, mtunza muda amesimama upande wa pili wa bwawa. Sauti ya ishara inachukua karibu sehemu 7 za mia za sekunde kumfikia. Kwa hiyo anatazama taa ya mwanzishaji, hasubiri kusikia. Sehemu 7 za mia ni kitu gani? Kwenye mita 25 za watoto wa miaka 8, ni tofauti ya wa kwanza na wa tatu.

Tukienda kwenye mashindano ya wenzetu, kila klabu huombwa kutoa watu wazima wa kusaidia. Sisi tumezoea kutoa kocha na mimi. Wazazi wetu hukaa jukwaani kushangilia, na kushangilia ni kuzuri, watoto wanakusikia. Lakini siku tutakayotaka mashindano yafanyike hapa Mwanza, na mimi nataka siku hiyo ije kabla sijazeeka, hatutawapata watu 30 wanaojua kazi. Tutaagiza Dar tena, kwa nauli tena. Mashindano mengi ya nchi hii hufanyika kwenye mabwawa ya shule za kimataifa za Dar es Salaam, na nawashukuru wanaotupokea. Ila Kanda ya Ziwa, yenye ziwa lenye eneo kubwa kuliko maziwa yote ya Afrika, haiwezi kuwa mgeni wa kudumu kwenye kuogelea.

Kwa hiyo wazazi sita mnaosafiri na watoto: wote sita mtasimama kando ya bwawa na stopwochi shingoni. Kocha atawafundisha njiani na jioni ya kufika. Mkirudi mtawafundisha wengine. Baba mmoja ameniambia yeye hajui kuogelea, ataaibika. Baba, kidole chako kinajua kubonyeza, na jicho lako linaona taa. Njoo.

Ndugu mgeni rasmi, kwako nina ombi moja, na nimeliandika nisije nikalizungusha. Klabu yetu inaogelea kwenye mabwawa ya watu. Tunashukuru, lakini saa zetu ni zile zinazobaki wenye mabwawa wakishamaliza mambo yao, na kuna mwezi mmoja tulifungiwa mlango bila taarifa, watoto wamesimama nje na taulo begani. Tunaomba Jiji la Mwanza na Manispaa ya Ilemela mtuwekee kwenye mipango bwawa la umma la mita 25, lenye upande wa kina kifupi, ambalo mtoto wa shule ya msingi ya serikali anaweza kuingia na darasa lake. Mtu atauliza bwawa la nini wakati ziwa lipo pale chini. Ziwa lipo, na lina kichocho. Konokono wanaokibeba wanapenda maji ya kando yaliyotulia yenye majani, palepale ambapo ungemweka mtoto anayejifunza, na vijidudu vyake hupenya kwenye ngozi, mara nyingi bila mtoto kuhisi chochote. Anayeogelea ziwani apimwe na apate dawa. Lakini darasa la wanaoanza liwe kwenye maji safi, tambarare, ambayo mwalimu anaona mpaka chini. Akishaweza hapo, tumpeleke ziwani akajifunze mawimbi, akiwa na boya na mwalimu pembeni.

Wapo wenzetu ambao tayari wako kwenye kazi hii. Shirika la EMEDO la hapahapa Mwanza limekuwa ikihangaika na suala la watu kuzama katika jamii za wavuvi, na tunapaswa kukaa nao meza moja badala ya kila mtu kuvuta upande wake.

Na ninyi wanangu, sasa sikilizeni makubaliano yetu, maana kocha na mimi tumekwisha kubaliana na wazazi wenu. Kila mwenye miaka 13 na kuendelea anayepanda basi kesho, akirudi anapangiwa Jumamosi za kusaidia darasa la wanaoanza. Tunaanza na watoto wa Kirumba na Igombe. Kila mkubwa mmoja na wadogo wanne, kocha akiwa juu ya wote. Julai 25 ya kila mwaka ni Siku ya Kuzuia Kuzama Duniani, Umoja wa Mataifa uliitangaza mwaka 2021. Siku hiyo nataka tualike wazazi wa mwaloni waje waone watoto wao wakielea. Medali mtakayorudi nayo, kama mtarudi nayo, vaeni siku hiyo, ili yule mdogo wa miaka 7 aione kwa karibu na aiguse. Msiisukume ndani ya kabati.

Nchi hii imekwisha peleka waogeleaji Olimpiki. Magdalena Moshi aliogelea London 2012 na Rio 2016. Hilal Hilal alikuwa Rio. Collins Saliboko na Sophia Latiff walikuwa Paris 2024. Yeyote kati yenu akifika huko nitalia hadharani, sitaona haya. Lakini hata mkirudi bila medali hata moja, na kila mmoja amepunguza muda wake, nitakuja stendi kuwapokea kwa vigelegele vilevile.

Sasa ya safari. Ni zaidi ya kilomita 1,100, kwa Shinyanga, Singida, Dodoma na Morogoro, kwa hiyo kila mtoto abebe sweta, maji ya kunywa lita moja na nusu na chakula kisichoharibika. Karanga na viazi vya kuchemsha vinatosha, soda hapana. Miwani ya kuogelea miwili kwa mwenye nayo, kofia ya klabu, taulo, ndala, mafuta ya ngozi. Wenye pumu wampe kocha dawa mkononi, zisikae kwenye begi lililoko chini ya basi. Barua za ruhusa za shule na nakala za vyeti vya kuzaliwa ninazo zote isipokuwa mbili. Wazazi wawili husika mnajifahamu, nionane nanyi tukimaliza hapa.

Baharini hakuna kuingia bila kocha. Najua mtaiona Bahari ya Hindi na miguu itawasha. Bahari hujaa na kupwa, jambo ambalo ziwa letu halina. Wakati wa bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, maji ya Dar hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na pale ulipokuwa umesimama mchana kiunoni, jioni hupagusi chini. Mashindano yakiisha, kocha atawapeleka kwa pamoja, kwa saa atakayochagua yeye.

Tunakutana stendi ya Nyegezi saa 10:30 alfajiri, basi linaondoka saa 11:00. Anayetoka Igoma na Buhongwa aseme sasa hivi kama ana usafiri, kwa sababu nina nafasi nne kwenye gari.